Los Angeles hadi KIA: mgeni wako amesafiri saa ngapi?

Nilizungumza haya mbele ya waongoza watalii, wapagazi na madereva hapa Moshi mjini, masika yakielekea ukingoni. Waliokuwa mlimani siku ile wameomba niyaweke yote, nami nayaweka kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, ndugu zangu madereva, dada zangu na vijana wa mizigo, shikamooni na habari za asubuhi. Najua wapo waliodamka Marangu na Machame kuwahi daladala, na naona hata wa Arusha wamefika. Asanteni sana. Mwenyekiti amenipa saa nzima, nami nitaitumia yote, kwa hiyo kaeni vizuri.

Nianze na swali. Kutoka hapa hadi Los Angeles ni mbali kiasi gani?

Naam, mzee pale amesema "siku mbili". Kijana mwenye simu amesema kilomita elfu kumi na tano na ushee. Wote mmepata. Lakini niwaulize tena: kati ya majibu hayo mawili, ni lipi linalokuambia mgeni wako atakuwa na hali gani akishuka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro? Kilomita ni zile zile tangu enzi za mababu. Saa ndizo zinazobadilika, na saa ndizo anazokuja nazo mgeni mwilini. Mimi nimekula chumvi kwenye kazi ya kukata tiketi, na nawaambia: anayejua kilomita tu hajui safari.

Hata hivyo tuanze na hizo kilomita, tuzimalize mapema. Ukipima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja wa ndege wa Los Angeles hadi KIA ni kama kilomita 15,800. Mzingo wa dunia yetu ni kilomita 40,000 hivi. Maana yake hakuna miji miwili inayoweza kuachana zaidi ya kilomita 20,000. Kwa hiyo mtu wa California akifika hapa, akijisogeza kilomita 4,200 nyingine tu mbele, anaanza kurudi kwao kwa upande wa pili!

Njia yenyewe inapita wapi? Wengi tulisoma kwa ramani ya ukutani. Unaweka rula KIA, unavuta kwenda kushoto, unapita Kongo, unavuka bahari, unafika Marekani. Sivyo. Ramani nyingi za namna ile zinafuata mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliochorwa kwa ajili ya mabaharia, na mchoro ule unazivuta nchi za kaskazini zikawa kubwa kupita kiasi. Greenland pale inaonekana inalingana na Afrika, wakati Afrika inaizidi mara 14. Chukua mpira wa mtoto, weka nukta mbili, vuta uzi ukaze. Uzi utakuonyesha kwamba kutoka KIA unaelekea kaskazini-magharibi: unaipasua Sahara, unapita Uhispania, unavuka Atlantiki, unaingia Canada upande wa Quebec, ndipo unateremka hadi California.

Mwongozaji mmoja, yumo humu ndani, sitamtaja, alinisimulia habari ya mama mmoja wa California aliyempokea. Njiani kutoka KIA yule mama akamwambia kuwa ameona milima ya barafu kupitia dirisha la ndege. Mwenzetu akacheka kimoyomoyo, akasema mama wa watu ameota, au ni ile mvinyo ya bure. Jamani, mama alikuwa na akili zake timamu. Njia fupi ya Los Angeles kwenda Amsterdam inapita juu kabisa, karibu na mji wa Nuuk, Greenland. Aliona barafu ambayo ukijumlisha yote iliyobaki Kibo, kilele cha mlima wetu, huifikii hata robo ya robo yake.

Sasa sikilizeni hili maana linawahusu mnaosoma tiketi za wageni. Mtu wa Los Angeles akipitia Amsterdam, safari yake inarefuka kwa kilomita zisizofika 100 kulinganisha na ile njia fupi kabisa. Akipitia Doha, inarefuka kwa zaidi ya kilomita 1,000. Je, wa Doha atachelewa zaidi? Si lazima! Kilomita 1,000 angani ni saa moja na dakika chache. Kusubiri ndege ya kuunganisha kunaweza kula saa nane. Anayesema njia fupi ndiyo ya haraka hajawahi kulala kwenye kiti cha chuma cha uwanja wa ndege.

Tuje kwenye upepo. Hapa mnivumilie kidogo, maana ndipo patamu.

London hadi New York ni kama kilomita 5,500. Ndege ikienda, saa nane kasorobo au nane. Ndege hiyo hiyo ikirudi, saa sita na nusu au saba. Barabara ni ile ile, injini zile zile. Kulikoni? Huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ya kaskazini unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Anayekwenda mashariki anasukumwa, anayekwenda magharibi anazuiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba ikiwa imeuchochea mkondo huo, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Ukipima kwa ardhi, kuna wakati ilikuwa inakata zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Rubani hakukanyaga mafuta zaidi. Alibebwa.

Mnajua nani aliupima upepo huo mapema? Mjapani, Wasaburo Ooishi. Miaka ya 1920 alikuwa kwenye kituo cha hali ya hewa cha Tateno, si mbali na Tokyo, akirusha maputo na kuyafuata kwa chombo cha kupimia hadi yapotee machoni. Akaona wakati wa baridi maputo yanachukuliwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Akaandika matokeo yake. Akajiuliza, niandike kwa lugha gani ili dunia nzima isome? Akachagua Kiesperanto, ile lugha iliyotungwa ili mataifa yote yaelewane. Ripoti ikatoka 1926. Nani akaisoma? Karibu hakuna! Mwaka 1944 ndege za kivita za Marekani, B-29, zikapanda juu sana kwenda kuipiga Japani, zikakutana na upepo ambao wanajeshi wake hawakuutegemea, mabomu yakaanguka siko. Na Wajapani waliokuwa wanaujua wakautumia kusafirisha maputo yenye mabomu kuvuka Pasifiki hadi Marekani. Maarifa yalikuwepo kwenye karatasi karibu miaka 20, yametulia tu.

Kwa mgeni wetu maana yake ni hii. Akitoka Los Angeles anakuja na upepo mgongoni: hadi Amsterdam ni saa kumi na kidogo. Akirudi kwao anapambana nao: saa kumi na moja au zaidi. Kipande cha Amsterdam na KIA kinakwenda kaskazini na kusini, upepo unakikata ubavuni, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupishani sana. Kilomita 6,900, saa nane na kitu. Jumla yake angani ni kama saa kumi na nane na nusu, na bado hujaweka kusubiri.

Jambo la tatu mtalielewa haraka kuliko wanafunzi wa chuo, kwa sababu nyinyi ni watu wa hewa nyembamba. Uwanja wa Addis Ababa uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari. KIA ni mita 894. Mpagazi ukimpa mzigo Barafu Camp, kambi ya juu mlimani, hauchukui kama anavyouchukua getini, si ndiyo? Na ndege ndivyo ilivyo. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halipati cha kushika na injini haipati cha kuvuta, hivyo haiwezi kuruka na mafuta ya kujaa na abiria wa kujaa kwa pamoja. Kwa miaka mingi safari ya Addis kwenda Washington, kilomita 11,500 na ushee, imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta. Kurudi inakuja moja kwa moja, kwa sababu Washington iko chini na upepo uko mgongoni. Mgeni wako akikuambia "nilikuja bila kusimama, kwa nini kurudi tunatua?", unalo jibu.

Siasa nayo inarefusha njia. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa saa tisa na nusu hivi kwa kukatiza Urusi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa ndege za Ulaya mwaka 2022, safari ikawa kama saa kumi na tatu, nyingine zikipitia juu ya ncha ya kaskazini. Miji haijasogea hata hatua moja.

Nakuja kwenye saa za ukutani. Madereva, hapa nawaomba simu mziweke mfukoni.

Kuna dereva alitumiwa ujumbe: wageni wawili wanatua KIA 01:45. Akasoma saa moja na dakika arobaini na tano. Akalala usingizi wake mzuri, akaamka, akaosha gari, saa moja asubuhi yuko KIA na bango lake la jina, amenyooka. Wageni walikuwa wameshatua saa saba na dakika arobaini na tano za usiku. Aliwakuta mama na binti wamekalia mabegi yao nje, mmoja amejifunika taulo. Hawakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Tiketi inaanza kuhesabu saa sita usiku, sisi tunaanza jua linapochomoza. Ukiona tarakimu, ongeza au punguza sita. Kisha mpigie mtu umwambie "usiku" au "asubuhi" kwa mdomo wako.

Na tarehe je? Tiketi inageuza siku saa sita usiku. Kuna familia moja ya Kibosho, kijana wao anakwenda kusoma nje. Tiketi inasema Jumapili, 00:40. Jumapili wakaenda ibada, wakachinja, wajomba wakatoa nasaha, jioni gari mbili za Noah zikateremka KIA kumsindikiza. Ndege yake ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia, wakati wao bado wanamenya ndizi za sherehe. Ile 00:40 ya Jumapili ni usiku ule wa kulala Jumamosi! Naomba nirudie: ni usiku wa kulala Jumamosi. Wenzetu wa Samoa waliwahi kuifuta siku nzima, tarehe 30 Desemba 2011 haikuwepo kwao, walilala tarehe 29 wakaamka 31 ili wawe upande mmoja na Australia na New Zealand. Lakini hao walipanga. Familia ya Kibosho hawakupanga.

Tufanye hesabu moja pamoja. Tuseme mgeni anaondoka Los Angeles Jumatatu saa 7:30 mchana, anatua KIA Jumanne saa 2 usiku. Kasafiri saa ngapi? Nasikia thelathini. Thelathini na nusu. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji ule ule unaotajwa. Kiangazi cha kwao wako nyuma yetu saa 10, majira ya baridi saa 11, kwa sababu wao wanasogeza saa zao Machi na Novemba na sisi hatusogezi. Toa kumi. Amesafiri saa ishirini na nusu, angani kumi na nane na nusu na mbili za kusubiri Amsterdam. Hiyo ndiyo safari nzuri, isiyo na tatizo lolote.

Sasa tumtazame huyo mtu mwenyewe. Amefika saa mbili usiku, mwili wake unamwambia ni saa nne asubuhi. Unampeleka hotelini, unamwambia "lala salama", atalalaje? Kesho yake saa nne asubuhi yuko geti la Machame, mizigo inapimwa kwenye mizani, wewe unampa maelezo ya njia. Kwao ni saa sita usiku. Unazungumza na mtu aliyelala amesimama. Mwili una saa yake ndani, na walioonyesha inavyofanya kazi kwa kuchunguza nzi wa matunda, Hall, Rosbash na Young, walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2017. Saa hiyo haisogezwi kwa kidole. Inajisogeza yenyewe taratibu, kwa makadirio ya kawaida kama saa moja kwa siku.

Kuna jingine. Ndege ikiwa juu, mara mbili ya urefu wa Kibo, hewa ya ndani hutunzwa iwe kama ya mahali pa mita 1,800 hadi 2,400. Geti la Machame ni mita kiasi gani? Asante, 1,800 hivi. Kwa hiyo mgeni wako amekaa getini, au juu zaidi ya geti, saa kumi na nane na nusu, kwenye hewa kavu inayomkausha koo, miguu imening'inia. Hapo hajakanyaga mlima.

Jioni yuko kambini, zaidi ya mita 2,800. Anasema kichwa kinauma. Chakula hakipiti. Hakulala jana, na leo anahisi hatalala. Niambieni nyinyi mliozoea: huo ni mlima? Ni usingizi wa Los Angeles? Ni kiu ya ndege? Unajuaje? Dalili zinafanana! Hicho ndicho kinachonitisha mimi, kuliko uchovu wenyewe. Uchovu utaisha. Lakini mwongozaji asiyeweza kutofautisha anaweza kuubeba ugonjwa wa mlima hadi juu akidhani ni usingizi.

Wakati fulani nawaza juu ya wale abiria wa zamani. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilipoanza kubeba watu kutoka London hadi Cape Town, ndege zake zilitua hapa hapa Moshi, zikitoka Nairobi kuelekea Dodoma na Mbeya. Safari nzima ilikuwa siku 10, usiku watu wanalala chini, kwenye vitanda. Walifika na vumbi na masikio yanavuma, lakini miili yao ilifika siku moja na wao. Huyu wa leo anafika yeye kwanza, mwili unamfuata baadaye.

Kwa hiyo sioni haya kulisema mbele ya wenye kampuni walioko hapa: ratiba ya "fika leo usiku, panda kesho" ni ya kuokoa pesa ya chumba, na anayeilipa ni mgeni na mwongozaji wake. Anayetoka Nairobi au Johannesburg, sawa, saa yake ni yetu au karibu yetu. Wa Ulaya, tunaweza kuzungumza, tofauti ni saa moja au mbili, Waingereza mbili au tatu. Wa California apewe siku moja kamili chini. Zikiwa mbili ni bora.

Hapo nilimaliza, yakaja maswali. Mawili nayaweka.

Binti mmoja mpagazi aliuliza: kwa nini basi isiwepo ndege ya moja kwa moja, Los Angeles hadi KIA? Nikamjibu kwamba safari ya kawaida iliyo ndefu kuliko zote ni ya Singapore hadi New York, kama kilomita 15,300, zaidi ya saa kumi na nane. Ya kwetu ingeizidi kwa kilomita 500. Na ile ya Singapore hutumia Airbus A350 iliyotengenezwa maalumu, yenye viti 161 tu, wala haina daraja la kawaida, ili uzito upungue. Ni viti vya bei kubwa peke yake. Je, kila siku watapatikana watu 161 wa mji mmoja, wenye pesa hiyo, wanaokuja KIA tu? Julai labda wiki moja. Aprili nani atapanda?

La pili lilikuwa la dereva wa siku nyingi: "Dada, kampuni ikigoma kutoa hiyo siku moja?" Nikamwambia asisubiri mgeni atue. Tiketi huwa iko ofisini wiki nyingi kabla. Mwandikie mgeni mwenyewe mapema, umweleze kwa kirefu kama nilivyoeleza hapa, umwambie siku hiyo anaweza kwenda maporomoko ya Materuni asubuhi, anywe kahawa ya wenyeji, arudi mapema, asilale mchana hata akilazimika kupigwa maji usoni. Wageni wengi wakielezwa sababu hulipa wenyewe bila ubishi, na gari la kwenda Materuni ni la nani?

Akasema, "Ni langu."